Santuri ya Rangi ya Chungwa: Elvis Presley na Muziki wa Wamarekani Weusi Enzi za Utengano

Historia ya muziki wa Marekani wa karne ya 20 haiwezi kuandikwa kando ya historia ya sheria zilizowatenganisha watu weupe na weusi katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, kwa sababu sheria hizo hazikuishia kwenye viti vya mabasi, madarasa ya shule na mabomba ya maji ya kunywa, bali zilipenya hadi ndani ya nyimbo, zikaamua wimbo uimbiwe wapi, uuzwe katika duka gani na fedha zake zimfikie nani. Elvis Presley, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1935 na kufariki Memphis mwaka 1977 akiwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri kuliko wote duniani, ndiye anayelionyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mjadala juu yake umezoea kuwa na kambi mbili, moja ikimwita mfalme wa roki kana kwamba muziki huo ulianzia mdomoni mwake, na nyingine ikimwita mwizi aliyeiba mali ya Weusi na kuiuza kwa Weupe. Kambi zote mbili humkuza mtu mmoja kupita kiasi na kuusahau utaratibu uliomzunguka, ambao ulimruhusu kijana mweupe kuvuka reli kwenda kusikiliza muziki wa upande wa pili na kurudi nao nyumbani, lakini haukumruhusu mwenye muziki huo kuvuka kwenda kuuza.

Utaratibu huo uliitwa Jim Crow, na ni vyema msomaji akajua kwamba jina lenyewe lilitoka katika wimbo na dansi, kwani Jim Crow alikuwa mhusika wa maonyesho ya jukwaani ya karne ya 19 ambamo waigizaji weupe walijipaka masizi usoni na kuwaiga Weusi kwa kejeli ili kuwachekesha watazamaji. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo linaweza kuwatenga raia kwa rangi zao mradi huduma wanazopewa ziwe sawa, na kwa zaidi ya nusu karne majimbo ya kusini yaliishika kwa nguvu sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo, yaani kutenga, na kuipa kisogo sehemu ya pili.

Biashara ya santuri ilifuata mkondo huohuo bila kulazimishwa na sheria yoyote. Baada ya mwimbaji Mweusi Mamie Smith kurekodi bluzi mwaka 1920 na santuri yake kununuliwa kwa wingi ambao wenye kampuni hawakuutarajia, makampuni yalianzisha matoleo maalumu yaliyoitwa santuri za kimbari, maana yake santuri za watu Weusi kwa wanunuzi Weusi, huku muziki wa Weupe maskini wa vijijini ukiwekwa katika fungu jingine lililopewa jina la dharau la muziki wa watu wa milimani, ambao baadaye ndio ulioitwa kantri. Bluzi, kwa wasioifahamu, ni uimbaji uliokulia katika mashamba ya pamba ya kusini baada ya utumwa, wenye mishororo inayorudiwa, noti zinazopindwa kidogo chini ya mahali pake pa kawaida, na gitaa linalomjibu mwimbaji kama vile mtu wa pili katika mazungumzo. Jarida la Billboard, ambalo huorodhesha nyimbo zinazouzwa zaidi, liliendelea kuiita orodha ya muziki wa Weusi kwa jina la kimbari hadi Juni 1949, lilipoibadilisha kuwa ile ambayo wasikilizaji wa leo wanaifahamu kwa kifupi cha R&B.

Mwaka huohuo wa 1949 kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika na kuzitofautisha kwa rangi ya plastiki yake, muziki wa kawaida wa mjini ukipewa nyeusi, wa kale wa Ulaya nyekundu, wa kantri kijani, wa watoto manjano, na wa Weusi rangi ambayo kampuni iliiita ya cheri ijapokuwa macho ya wengi huiona kuwa ya chungwa. Lengo lilikuwa kumrahisishia muuza duka kazi ya kupanga mzigo wake, lakini leo ni vigumu kuitazama santuri hiyo bila kuona ubaguzi ukiwa umeyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ya kwanza kabisa katika fungu hilo la chungwa, yenye namba 50-0000, ilikuwa na wimbo uitwao "That's All Right" wa Arthur Crudup, Mweusi wa Mississippi aliyeurekodi Chicago mwaka 1946. Santuri hiyo itarejewa.

Elvis Aaron Presley alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 katika mji wa Tupelo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba yake, Vernon, aliijenga kwa mkopo wa dola 180, na pacha wake alizaliwa akiwa mfu. Umaskini wa familia hiyo haukuwa wa kutiliwa chumvi, kwani mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu baba alifungwa kwa kughushi hundi na kupelekwa Parchman, gereza la mashamba ambalo watafiti wa muziki wanalikumbuka zaidi kwa nyimbo za kazi zilizoimbwa na wafungwa Weusi, na wakati huo nyumba ile ikapotea. Mtu mweupe wa hali hiyo katika Mississippi alikuwa na vitu vichache vya kumtofautisha na jirani yake Mweusi, ila vichache hivyo, yaani kura, shule iliyo bora kidogo na haki ya kukaa viti vya mbele, vilikuwa vimelindwa na sheria.

Ujirani wenyewe ulikuwa wa karibu kuliko sheria ilivyokusudia. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia familia ya Presley ilihamahama kwa sababu ya kodi, ikaishi kando ya Shake Rag, mtaa wa Weusi uliokuwa jirani na reli, na kisha ikapanga katika barabara ya North Green, katika mojawapo ya nyumba chache zilizotengwa kwa ajili ya Weupe ndani ya eneo la Weusi wenye kipato cha wastani. Mtoto wa miaka 11 au 12 aliyeishi hapo hakuhitaji kutafuta muziki, kwa kuwa muziki ulimfuata dirishani: bluzi kutoka barazani na vilabuni, na jioni za ibada, nyimbo za injili kutoka makanisa ya Weusi. Familia yenyewe ilisali Assemblies of God, dhehebu la Kipentekoste ambalo Waafrika Mashariki wengi wanalijua kwa karibu, ambamo mwimbaji hasimami kama mlingoti bali mwili wake huimba pamoja na sauti. Upentekoste wa Marekani uliwaka kutokana na uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, ulioongozwa na mhubiri Mweusi William Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa, na hivyo hata ndani ya kanisa la Weupe la Tupelo kulikuwamo namna ya kusali ambayo mizizi yake haikuwa ya Weupe peke yao. Wale walioshangaa mwaka 1956 wakiuliza kijana huyu alijifunza wapi kutikisa mwili wangepata nusu ya jibu kanisani.

Novemba 1948 familia ilihamia Memphis, mji wa pamba kando ya mto Mississippi, na mwaka uliofuata ikapata nyumba ya serikali katika mtaa wa Lauderdale Courts, mwendo mfupi kwa miguu kutoka barabara ya Beale, ambayo ilikuwa moyo wa biashara, starehe na muziki wa Weusi. Memphis ya wakati huo ilijua kutenga. Bustani ya wanyama ilikuwa na siku ya Weusi, ukumbi wa Ellis ulikuwa na viti vyao, na mwenyekiti wa bodi ya ukaguzi wa filamu, Lloyd Binford, aliyeshika cheo hicho tangu mwaka 1928 hadi 1955, alijulikana nchi nzima kwa kupiga marufuku au kukata filamu zilizowaonyesha Weusi wakiwa sawa na Weupe. Lakini Binford alikuwa na mkasi wa filamu tu, na hakuna aliyekuwa na mkasi wa mawimbi ya redio.

Kituo cha WDIA, kilichomilikiwa na wafanyabiashara wawili weupe waliokuwa wakielekea kufilisika, kilimwajiri mwalimu na mwandishi Mweusi Nat D. Williams mwaka 1948 awe mtangazaji, na baada ya muda mfupi kikawa cha kwanza Marekani kuwalenga Weusi kwa vipindi vyake vyote, kikiwa na watangazaji kama Rufus Thomas na kijana mpiga gitaa kutoka mashambani aliyekuja kuitwa B.B. King. Upande wa Weupe, katika kituo cha WHBQ, alikuwapo Dewey Phillips, mropokaji asiyefuata utaratibu wowote, ambaye kila usiku alichanganya bluzi, injili na R&B na kusikilizwa na vijana wa rangi zote mbili, kila mmoja akiwa chumbani kwake, maana sheria ya kuwatenga wasikilizaji wa redio haikuwa imebuniwa. Hivi ndivyo Elvis alivyopata elimu ambayo shule yake ya sekondari ya Humes, ya Weupe watupu, isingeweza kumpa.

Elimu nyingine ilitoka katika kanisa la Kibaptisti la East Trigg. Mchungaji wake, W. Herbert Brewster, alikuwa mtunzi wa kiwango cha juu, na wimbo wake "Move On Up a Little Higher" ndio uliomfanya Mahalia Jackson, aliyeurekodi mwaka 1947, kuwa malkia wa injili. Ibada zake za Jumapili usiku zilirushwa redioni na milango ya kanisa ilikuwa wazi kwa yeyote, nao vijana weupe waliingia na kuketi, Elvis akiwamo. Hapa upande mmoja wa utengano unaonekana vizuri kuliko katika kitabu chochote cha sheria: Mweupe aliyeingia East Trigg alikaribishwa na kupewa nafasi, ilhali Mweusi ambaye angeingia kanisa la Weupe lililo mitaa michache kutoka hapo angesimamishwa mlangoni. Katika duka la nguo la ndugu wawili wa ukoo wa Lansky, barabara ya Beale, ambalo wateja wake walikuwa wanamuziki na watanashati Weusi, Elvis alikuwa akitazama dirishani kabla hajawa na fedha za kununua, na mavazi ya waridi na meusi aliyokuja kuyavaa jukwaani yalitoka humo.

Sam Phillips, ambaye hakuwa na undugu na Dewey, alifungua studio ndogo katika namba 706 ya barabara ya Union mwezi Januari 1950. Alikuwa mtoto wa shamba la pamba huko Alabama, aliyekua akisikiliza hadithi na nyimbo za mzee Mweusi kipofu aliyeitwa Silas Payne, na alichokitaka hasa ni kurekodi Weusi ambao hakuna mtu kusini aliyekuwa akiwarekodi. Alimrekodi Howlin' Wolf, akamrekodi B.B. King, na mwaka 1951 akarekodi "Rocket 88" ya bendi ya Ike Turner, ambayo baadhi ya wanahistoria huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya roki. Alipoanzisha lebo yake ya Sun aliona haraka mahali biashara ilipogota, kwani vijana weupe walizipenda nyimbo hizo lakini vituo vingi vya redio havikuzipiga na wazazi hawakutaka ziingie nyumbani. Katibu wake, Marion Keisker, alisimulia baadaye kwamba Phillips alikuwa akirudia kusema kuwa angempata mtu mweupe mwenye sauti na hisia za Weusi angetajirika, na ingawa Phillips mwenyewe aliibishia namna kauli hiyo ilivyosimuliwa, mantiki yake haina ubishi. Soko lilikuwa limeshaandaa nafasi ya kazi kabla mwombaji hajatokea.

Mwombaji alitokea mwaka 1953, baada tu ya kumaliza shule, akalipa karibu dola nne arekodi nyimbo mbili za mapenzi za taratibu, na mwaka mzima ukapita bila lolote la maana. Usiku wa tarehe 5 Julai 1954, yaani wiki saba tu baada ya Mahakama Kuu kuamua katika kesi ya Brown kwamba kuzitenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, Elvis alikuwa studioni pamoja na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black, wakijaribu nyimbo zilizogoma kunoga. Wakiwa katika mapumziko, Elvis alianza kuuimba kwa utani wimbo wa Crudup, "That's All Right", akirukaruka na gitaa lake, Black akadaka besi, Moore akafuata, na Phillips akachungulia kutoka chumba cha mitambo akiwauliza wanafanya nini kabla ya kuwaamuru waanze upya.

Inafaa kuzisikiliza santuri hizo mbili moja baada ya nyingine, kwani masikio huamua haki kuliko hoja. Katika ile ya Crudup ya mwaka 1946 kuna besi na ngoma, gitaa la umeme linakwaruza, na sauti ni ya juu, yenye ukali wa mtu aliyezoea kuimba nje pasipo kipaza sauti, huku mapigo yakijivuta kidogo kama mtembezi asiye na haraka. Katika ile ya Elvis hakuna ngoma kabisa, kwa hiyo besi ya Black, ambayo nyuzi zake zinavutwa na kuachiwa zigonge ubao, ndiyo inayofanya kazi ya ngoma, gitaa la Moore linadondoa noti kwa mtindo wa kantri, na sauti ya kijana wa miaka 19 inaelea juu yake ikiwa nyepesi na yenye furaha ambayo Crudup hakuwa nayo wala hakuitafuta. Si nakala. Lakini maneno, kiunzi na wazo la wimbo ni vya Crudup, ambaye naye, kama ilivyokuwa desturi ya bluzi, alikuwa ameokota baadhi ya mishororo kutoka katika hazina ya wote, ikiwemo ile iliyokwisha kusikika kwa Blind Lemon Jefferson katika miaka ya 1920. Kuazimana ndiko kulikouzaa muziki huu, na neno wizi, likitumika kwa kitendo cha kuimba wimbo wa mwingine, lingewakamata karibu wote.

Siku chache baadaye Dewey Phillips aliipiga santuri hiyo mara kadhaa mfululizo, simu zikamiminika, na Elvis akaitwa kituoni kuhojiwa. Swali moja lilibeba uzito wa sheria zote za Tennessee: mtangazaji alimuuliza alisoma shule gani, naye akajibu Humes. Kila mkazi wa Memphis alijua Humes ni ya Weupe, kwa hiyo bila mtu yeyote kutaja rangi, wasikilizaji waliokuwa wamemdhania kuwa Mweusi waliarifiwa, na mlango wa soko ukafunguka.

Upande wa pili wa santuri hiyo uliwekwa "Blue Moon of Kentucky" wa Bill Monroe, kigogo wa kantri, ukiwa umeharakishwa hadi ukawa kitu kingine, na mpangilio wa wimbo mmoja kutoka kila upande wa reli uliendelea katika santuri zake zote tano za Sun. Monroe mwenyewe alikiri maisha yake yote kwamba mmoja wa walimu wake alikuwa Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi wa Kentucky, jambo linaloonyesha kwamba hata upande uliopaswa kuwa wa Weupe ulikuwa umechanganyika zamani. Sun yenyewe ilibadilika haraka mno. Baada ya Elvis kufanikiwa, Phillips aliwaelekezea nguvu zake vijana weupe waliofuata mkondo huo na akaacha karibu kabisa kuwarekodi Weusi, na Rufus Thomas, aliyeipa Sun wimbo wake wa kwanza uliovuma, "Bear Cat" wa mwaka 1953, hakuficha kinyongo chake juu ya hilo hadi uzeeni.

Novemba 1955 kampuni ya RCA iliununua mkataba wa Elvis kutoka Sun kwa dola 35,000, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kusikika kwa mwimbaji wa aina yake, na pamoja na mkataba ikapata kanda zote alizozirekodi kwa Phillips. Hapo ndipo santuri ya chungwa inaporudi, kwa kuwa kampuni iliyolipa fedha hizo ndiyo ileile iliyokuwa na "That's All Right" ya Crudup katika ghala lake tangu mwaka 1946 na iliyoipa namba ya kwanza katika fungu la Weusi. Rekodi hiyo ilikuwa mali yake muda wote, ila ilikuwa katika rangi isiyouzika kwa Weupe, na kampuni ikaona afadhali kulipa dola 35,000 kupata sauti nyingine kuliko kuibadilishia ya Crudup rangi ya plastiki.

Mwaka 1956 mambo yalikwenda mbio. "Hound Dog", wimbo uliokwisha kuongoza orodha ya R&B kwa wiki saba mwaka 1953 kwa sauti nzito ya Willie Mae Thornton, mwanamke Mweusi wa Alabama aliyejulikana kwa jina la Big Mama, ulitoka tena kwa sauti ya Elvis pamoja na "Don't Be Cruel", na santuri hiyo ikaongoza orodha zote tatu, ya kawaida, ya kantri na ya R&B, orodha ambazo zilikuwa zimebuniwa ili zisikutane. Hata hivyo mfano wa "Hound Dog" haustahili kutumiwa kirahisi kama unavyotumiwa na wengi, kwani watunzi wake, Jerry Leiber na Mike Stoller, walikuwa vijana weupe wa Kiyahudi wenye umri wa miaka 19 waliouandika kwa ajili ya Thornton, na Elvis aliupata kupitia bendi ya Weupe iliyokuwa ikiuimba kwa mzaha Las Vegas. Thornton alisema alichopata kwa santuri yake ni hundi moja ya dola 500. Lebo iliyomrekodi ilikuwa ya Don Robey, tajiri Mweusi wa Houston, ambaye aliposikia "Bear Cat" ya Sun ikiiga wimbo huo alikwenda mahakamani na kushinda. Hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtunzi kulipwa kila kazi yake inapotumiwa, haikukosa kufanya kazi kusini. Ilifanya kazi vizuri sana pale mdai alipokuwa mwenye kampuni na wakili.

Otis Blackwell, Mweusi wa Brooklyn aliyetunga "Don't Be Cruel" na baadaye "All Shook Up", alikubali jina la Elvis liandikwe kando ya lake kama mtunzi mwenza, ingawa Elvis hakuandika neno, na hivyo kugawana naye mirabaha, ambayo ni malipo yanayorudi kwa mtunzi kwa kila santuri inayouzwa. Hiyo ilikuwa desturi ya wenye nguvu katika biashara hiyo kwa watunzi wa rangi zote, na Blackwell hakulalamika, kwa hesabu kwamba nusu ya mamilioni ni kubwa kuliko yote ya kitu kidogo. Hawakuwahi kukutana.

Wapinzani wa muziki huo walielewa unatoka wapi kuliko mashabiki walivyoelewa. Mabaraza ya raia weupe, vyama vilivyoundwa kupinga hukumu ya Brown, yaliutangaza muziki wa roki kuwa hila ya kuwachanganya vijana wa rangi mbili, na tarehe 10 Aprili 1956 wafuasi wa mmoja wa viongozi wa mabaraza hayo walipanda jukwaani Birmingham, Alabama, na kumshambulia Nat King Cole, Mweusi mpole aliyekuwa akiimba nyimbo za mapenzi mbele ya watazamaji weupe. Miezi michache baadaye magazeti yalikuwa yakimshambulia Elvis kwa lugha ya msituni na mnyama, lugha iliyokuwa imezoewa kutumiwa kwa Weusi, na sasa ikimwangukia mtu mweupe. Tofauti ni kwamba Elvis alishambuliwa kwa wino.

Weusi wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Tarehe 7 Desemba 1956 Elvis alikwenda nyuma ya jukwaa katika tamasha la hisani la WDIA katika ukumbi wa Ellis, ambalo lilikuwa la wasanii na watazamaji Weusi, na Rufus Thomas alipomshika mkono na kumtoa mbele, wasichana walipiga mayowe na kukimbilia jukwaani kiasi cha kumshtua kila mtu, huku Nat D. Williams akiandika gazetini baadaye na kuuliza, kwa kejeli ya mwalimu, iwapo wasichana hao walikuwa na mayowe ya namna hiyo kwa wavulana wao wenyewe. Picha ya usiku huo, iliyopigwa na mpiga picha Mweusi Ernest Withers, inamwonyesha Elvis amesimama bega kwa bega na B.B. King, wote wawili wametabasamu, katika mji ambao wasingeruhusiwa kuketi meza moja mgahawani. Mwaka 1957 ulienea uvumi kwamba Elvis alitamka kuwa Weusi hawafai kwake ila kununua santuri zake na kumng'arishia viatu. Jarida la Weusi la Jet lilimtuma mwandishi wake Louie Robinson kuuchunguza, na hakupata popote uliposemwa, bali alimkuta mwimbaji akisema kwamba muziki huo ulikuwapo kabla yake na kwamba hakuna awezaye kuuimba kama Weusi. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemtaja Crudup kwa jina mbele ya mwandishi wa gazeti la Charlotte, akisema alitamani tu kufikia hisia alizozisikia kwake.

Kukiri ni jambo jema, na wengi katika nafasi yake hawakukiri. Lakini kukiri si malipo, wala Elvis hakuwahi kujiunga hadharani na harakati za haki za raia zilizokuwa zikipamba moto katika mji wake mwenyewe, hata Martin Luther King alipouawa humo Aprili 1968. Kundi la rap la Public Enemy lilipomtaja kwa hasira katika wimbo wa mwaka 1989 lilikuwa likigusa jeraha la kweli kwa kumlenga mtu ambaye hakuwa mkosaji mkuu, na Chuck D wa kundi hilo, aliyeuandika mshororo huo, amekuja kueleza kwamba ugomvi wake ulikuwa na taji zaidi kuliko na aliyelivaa.

Anayetaka kulipima deni aache viuno na mavazi, aangalie vitabu vya hesabu. Methali husema mchumia juani hulia kivulini, lakini Arthur Crudup alichumia juani na kivulini wakala wengine. Meneja wake wa Chicago alizishika haki za nyimbo zake tangu mwanzo, na Crudup alipobaini katika miaka ya 1950 kwamba santuri zinauzwa na yeye haambulii kitu, aliacha kurekodi akarudi kwenye vibarua vya mashambani, hadi Virginia, akisafirisha na kuongoza wavunaji wa msimu huku wimbo wake ukichezwa duniani kote. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 wakili wake alifikia makubaliano na kampuni ya uchapishaji wa nyimbo alipwe dola 60,000, mzee akasafiri na watoto wake hadi New York, akatia saini, na hati zilipopelekwa kwa mkubwa wa kampuni, huyo akakataa kuziwekea saini yake. Alirudi Virginia mikono mitupu. Alifariki tarehe 28 Machi 1974 akiwa na umri wa miaka 68, na fedha za "That's All Right" ziliwafikia warithi wake baada ya maziko.